Mwanasesere asiyetikisika: kupiga filamu fupi ya kutisha kwa simu

Filamu yangu ya kwanza ya mwanasesere muuaji ilikuwa ya dakika sita, na watu walicheka dakika zote sita. Nilimfunga uzi mkononi, nikavuta, akainuka, akaanguka kifudifudi kama mlevi. Dada yangu alicheka mpaka akatoka chumbani. Ya pili walicheka kidogo. Ya tatu ilipokwisha, mpwa wangu, ambaye ndiye mwenye mwanasesere, alikataa kumchukua tena. Mpaka leo yuko kabatini kwangu. Nitaeleza nilichobadilisha hapo katikati, ili nawe usipitie aibu ile ya uzi.

Kwanza, usihangaike kutafuta mwanasesere mbaya. Wengi huanza kwa kumpaka damu na kumtoboa jicho, na hapo wamekwisha kujifungia njia, kwa sababu kitu kinachotisha tangu sekunde ya kwanza hakina pa kwenda. Mwangalie Chucky, mwanasesere muuaji wa filamu ya Child's Play ya 1988, kabla hajaanza matusi: kitoto cha plastiki chenye vidoadoa usoni na ovaroli ya buluu, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Yule Annabelle wa kweli, ambaye kisa chake kilizaa filamu, na waliyekuwa wakimhifadhi Ed na Lorraine Warren, wachunguzi wa mizimu wa Marekani, ni mwanasesere wa kitambaa mwenye nywele za nyuzi nyekundu na tabasamu la kushonwa. Watengeneza filamu wakampa uso mweupe na macho ya kutoka. Mimi naona walipoteza kitu hapo. Yule wa kitambaa ungemweka kitandani kwa mtoto bila kufikiri mara mbili.

Unachohitaji ni dosari moja tu, tena ndogo. Wangu ni wa macho ya kufumba ukimlaza, ila jicho la kushoto hukwama nusu. Sikumwongezea chochote.

Sasa suala la mwendo. Mwaka 1970 mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, aliandika kwamba kadiri kitu kinavyokaribia kufanana na binadamu ndivyo tunavyokipenda, mpaka kikikaribia mno. Hapo upendo huporomoka kama anayetumbukia bondeni. Akaongeza kwamba kikitembea, bonde huzidi kina. Ni kweli, lakini mwendo mzuri una gharama. Chucky alikuwa na kundi zima la watu wa kumchezesha, uso wake ukiendeshwa kwa mitambo aliyoibuni Kevin Yagher, na kwenye picha za mbali nguo zake zilivaliwa na mwigizaji mfupi, Ed Gale, ndani ya seti zilizojengwa kubwa kuliko kawaida ili aonekane mdogo. (Yagher baadaye alimwoa Catherine Hicks, aliyeigiza mama wa mtoto. Angalau kuna aliyetoka salama.) M3GAN, mwanasesere wa roboti wa filamu ya 2022, alikuwa na msichana, Amie Donald, chini ya barakoa. Mimi na wewe tuna uzi. Kwa hiyo tuuache uzi, na mwendo tumwachie mtazamaji aufanye kichwani mwake.

Fanya hivi. Weka simu kwenye stendi, elekeza kochi alipokaa mwanasesere, kisha funga fokasi na mwanga kwa kubonyeza kioo na kushikilia. Usipofunga, simu itajirekebisha yenyewe katikati ya shoti na siri itafichuka. Anza kurekodi. Mwigizaji wako apite mbele ya lenzi, karibu kabisa, mgongo wake uzibe picha yote. Simamisha. Bila kuigusa stendi, geuza kichwa cha mwanasesere kwa upana wa kidole kimoja. Rekodi tena, mwigizaji aanzie pale pale mgongo ulipoziba lenzi, aendelee na safari yake. Ukihariri, unganisha vipande viwili kwenye ule weusi wa mgongo. Inaonekana shoti moja, na kichwa kimegeuka.

Nasisitiza kidole kimoja. Mwanzoni niligeuza kichwa chote na kila mtu akaona mchezo. Nilipopunguza, kati ya watazamaji watano waliona wawili. Watatu wakabisha, ikabidi turudishe nyuma. Ubishi ule ndio ulioniambia nimepata. Na kama unataka somo kubwa zaidi la kutoonyesha, tazama kikaragosi cha mchekeshaji wa sarakasi kwenye filamu ya Poltergeist ya 1982: mvulana yuko kitandani, kikaragosi kiko kitini mbele yake, akitazama tena, kiti ni kitupu. Kiti tu, na tayari huwezi kukaa vizuri.

Kuhusu taa: moja inatosha, na isitoke juu. Nilitumia tochi nyuma ya karatasi nyeupe, ubavuni, usawa wa kidevu cha mwanasesere. Hakikisha kuna nukta ya mwanga kwenye jicho. Bila nukta ile, jicho ni plastiki tu. Kisha msaidizi aisogeze tochi taratibu, kama gari linapita nje. Vivuli vya pua na kope vitahama, na utaapa kwamba mwanasesere amekufuata kwa macho, ilhali hajaguswa. Punguza mwanga wa picha kwa mkono, maana simu nyingi zina tabia ya kulifanya giza liwe jioni.

Kamera iwe chini. Filamu ya Trilogy of Terror ya 1975 ina kisanamu cha shujaa kinachomwinda mwanamke ndani ya nyumba yake, na picha kadhaa zimepigwa kwa kukimbiza kamera sakafuni. Huoni miguu ya kisanamu. Unaona zulia linakimbia.

Sauti ndiyo niliyoichelewesha kujifunza. Achana na kile kisanduku cha muziki, kimetumika mpaka kimechoka. Msikilize mwanasesere wako ana mlio gani. Wangu akiinuliwa, kope hufanya "tik". Niliurekodi nikiwa chini ya blanketi, simu ikiwa karibu na uso wake, nikauweka mara moja tu, baada ya taa kuzimwa. Rekodi pia sekunde thelathini za chumba kikiwa kimya na uzitandike chini ya filamu yote, kisha uzikate ghafla kabla ya ule mlio. Masikio yatasimama.

Kisa kisizidi mtu mmoja na chumba kimoja. Tafuta kitu kidogo cha kila siku kinachokataa maelezo. Hapo hakuna aliyeishinda Child's Play: mwanasesere amekuwa akizungumza siku nzima, kisha mama anashika boksi na betri zinaanguka sakafuni. Hazikuwahi kutiwa. Nilikaa siku mbili nikitafuta "betri" zangu. Mwishowe niliona viatu vya mwanasesere, vya plastiki nyeupe, nikavisugua soli kwa jiwe mpaka zikachakaa. Katika filamu, mwanamke anamvua ili amfulie nguo, anageuza kiatu, anakitazama. Naikata filamu hapo hapo. Hakuna kisu wala ukelele.

Ukiwa na nakala ya kwanza, mwonyeshe mtu mmoja, nawe mtazame yeye badala ya kioo. Anapojikuna au kuvuta simu yake, punguza. Yangu ilishuka kutoka dakika tano hadi tatu.

Na mwanasesere mrudishe kwa mwenyewe kabla mwenyewe hajaiona filamu. Mimi nilianza na filamu.