Kabureta ya trekta la nyasi inavuja: tuifungue pamoja

Kila mwaka masika yakishika, simu huanza kulia. Nyasi zimeota, watu wanatoa matrekta yao ya kukatia nyasi yaliyolala stoo tangu kaskazi, wanatia petroli, na asubuhi yake wanakuta dimbwi chini ya mashine. Kazi yangu ni hizi mashine ndogo, za shule, za hoteli na za majumbani, kuanzia Nyali hadi Shanzu, hapa Mombasa. Neno langu la kwanza huwa lile lile: usinunue kabureta mpya bado. Mara nyingi iliyokufa ni ncha ya sindano iliyo ndani yake, kitu kisichozidi punje ya mchele.

Kabureta ya injini hizi, iwe Briggs & Stratton au nyingine ya zamani yenye floti, hufanya kazi kama boya la tangi la maji la juu ya nyumba. Petroli ikijaa kwenye bakuli la chini ya kabureta, floti inaelea, inaisukuma sindano juu, na sindano inaziba tundu la kuingilia. Trekta likisimama miezi mitatu, petroli ya bakulini hukauka na kuacha utomvu wa kahawia unaonata. Hapo ongeza hewa yetu ya chumvi, ambayo huifanya aluminiamu itoe unga mweupe. Chembe moja ikikaa kwenye kiti cha sindano, yaani pale ncha yake inapokalia, tundu halizibiki tena na petroli inapita usiku kucha.

Kabla ya kushika spana, nusa oili. Chomoa kijiti cha kupimia, kitazame na kukinusa. Ikiwa kiwango kimepanda kupita alama, au kinanuka petroli, USIWASHE. Petroli iliyokosa pa kwenda huingia kwenye silinda na kuteremka hadi kwenye oili. Oili hiyo huwa nyepesi kama maji na haiwezi tena kulinda injini. Niliwahi kuitwa shule moja ambako trekta lilikatishwa nyasi siku mbili likiwa katika hali hiyo. Kabureta ilikuwa ya kutengenezeka kwa gharama ndogo, lakini injini ilikuwa imekwisha. Niliumia, kwa sababu mtu angenusa tu, mashine ile ingekuwa hai leo. Kwa hiyo mwaga oili yote, badilisha na filta yake kama ipo, lakini fanya hivyo baada ya kuponya kabureta, la sivyo utaimwaga mara mbili. Kwa joto la Mombasa, SAE 30 inafaa.

Sasa tuanze. Sogeza trekta nje kwenye upepo, mbali na jiko, sigara na jenereta. Injini iwe baridi. Toa waya wa hasi wa betri, chomoa na waya wa plagi. Bana mpira wa petroli kwa klipu, kisha mwaga petroli iliyobaki kwenye chombo cha chuma.

Futa kabureta ikauke kabisa kwa kitambaa, kisha achia petroli kidogo na utazame inatokea wapi. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua kazi nzima. Ikitoka kwenye ukingo wa bakuli, gasketi imekauka. Ikitoka kwenye nati ya chini, washa yake (pete ya kuzibia) imekwisha. Ikifurika kupitia mdomo wa kuvutia hewa au kitundu cha pumzi, basi ni sindano, kiti chake au floti. Na wakati mwingine ni mpira wenyewe uliopasuka kwa jua, kabureta haina kosa.

Kabla ya kuifungua, piga picha ya springi na vijiti vya gavana (kifaa kinachodhibiti kasi ya injini) kutoka pande zote. Springi ikirudi kwenye tundu lisilo lake, injini inaweza kuzunguka kupita kiasi na kujivunja. Ukishapiga picha, toa boliti, teremsha kabureta, fungua bakuli. Chomoa pini ya floti polepole na sindano itakuja nayo.

Tazama ncha ya sindano kwenye mwanga. Ikiwa na mkunjo wa duara kama pete, imelika, badilisha. Tikisa floti karibu na sikio: ukisikia kimiminika ndani, imetoboka na imezama. Floti ya shaba nyeupe au ya njano usiitie lehemu, ndani mna petroli na inaweza kulipuka. Nunua nyingine. Kiti cha sindano kisafishe kwa kijiti cha masikioni kilicholowa dawa ya kabureta. Usitie msumari wala bisibisi, mkwaruzo mmoja tu na kitavuja milele. Aina nyingine zina kiti cha mpira kinachotolewa na kubadilishwa, hicho kinakuja kwenye paketi moja na sindano na gasketi.

Ukienda kununua spea, nenda na namba zilizopigwa kwenye bati la injini. Kwa Briggs ni tatu: Model, Type na Code. Tarakimu za mwanzo za Code ni mwaka iliyotengenezwa, kwa mfano 94 ni 1994. Bila namba hizi muuzaji anakisia, na nauli ya kurudi mjini ni yako.

Ukishafunga sindano na floti, usirudishe bakuli kwanza. Geuza kabureta juu chini, floti ikae kwa uzito wake na iwe sambamba na uso wa kabureta. Chukua mpira safi, usio na petroli, chomeka pale petroli inapoingilia, puliza kwa mdomo. Pumzi isipite hata kidogo. Igeuze floti ining'inie, puliza tena: pumzi ipite vizuri. Jaribio hili haligharimu chochote na mimi siliruki. Baada ya hapo funga bakuli kwa gasketi mpya, kaza nati kwa kiasi, rudisha kila kitu, achia petroli na usubiri saa nzima kabla ya kutia oili mpya na kuwasha.

MASWALI

Likoni: Fundi, salamu alaikum. Trekta langu likinguruma halidondoshi hata tone, ila likilala usiku linamwaga. Je, ni gasketi?

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Hapana, ni sindano inayoziba nusu. Injini ikifanya kazi inakunywa kile kinachopenya, ikizimwa hakuna wa kukinywa. Badilisha sindano, kisha weka koki kwenye mpira wa petroli na uifunge kila unapomaliza. Koki peke yake haitoshi, siku moja mtu atasahau kuifunga.

Kisauni: Kaka, fundi wa kwanza alipaka silikoni kwenye ukingo wa bakuli. Sasa injini inapanda na kushuka, haitulii.

Jibu: Pole, dada. Silikoni ya kawaida haivumilii petroli, huvimba, humeguka, na vipande vyake huziba jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli. Ikwangue yote, fungua jeti, zipulizie dawa na upepo wa kompresa mpaka uone mwanga katika kila tundu. Ikiwa bado inapanda na kushuka, kagua gasketi kati ya kabureta na injini, huenda inavuta hewa.

Mtwapa: Mwanangu, chini ya bakuli langu hakuna nati, kuna kidude chenye waya. Nikibadilishe ili kuvuja kukome?

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Hicho ni solenoidi. Ukizima ufunguo, inaziba jeti kubwa ili injini isipige mshindo kwenye ekzosi. Haizuii petroli kuingia bakulini, kwa hiyo kuibadilisha hakutakusaidia, isipokuwa tone linatoka kwenye washa yake pale inapofungwa. Ikaze kwa spana ya saizi yake, usiibane kwa plaizi. Ukitaka kuijaribu, itoe, ikaushe, ipeleke mbali na petroli: gusisha waya wake kwenye chanya ya betri na mwili wake kwenye hasi. Kijiti chake cha katikati kikiingia ndani kwa mlio mfupi, ni nzima, irudishe.