Namna ya Kujua Kama Mkataba wa Serikali Umeridhiwa

Hapa Dodoma, Bunge linapoketi, ni kawaida kusikia watu wakisema kuwa Bunge limesaini mkataba na nchi nyingine. Bunge halisaini. Anayesaini ni Serikali, kwa mkono wa Rais, waziri au ofisa aliyepewa mamlaka. Kazi ya Bunge, kwa Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya mwaka 1977, ni kujadili na kuridhia mikataba inayohusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo pa kuanzia. Ukipata nakala ya mkataba, fungua kwanza kurasa za mwisho, penye ibara za kusainiwa, kuridhiwa na kuanza kutumika. Ikiwa imeandikwa kwamba lazima uridhiwe, saini pekee haijaifunga nchi kuutekeleza, ingawa nchi iliyosaini haitakiwi kuuhujumu wakati ikisubiri.

Kisha tafuta azimio la Bunge la kuuridhia katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge. Waziri hutoa hoja, kamati husoma maoni yake, wabunge huchangia, na Spika akishawahoji utakuta maneno mafupi: “Hoja iliamuliwa na kuafikiwa.” Nakushauri usiishie hapo, rudi usome michango yote, kwa kuwa mashaka ya wabunge mara nyingi huonyesha kifungu kinachohitaji kuangaliwa zaidi.

Usichanganye tarehe. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ulifunguliwa kwa ajili ya kusainiwa mjini Kigali Machi 2018, Bunge letu likauridhia Septemba 2021, na hati ya kuridhia, yaani maandishi rasmi ya kuujulisha upande wa pili kwamba nchi imeridhia, ikawasilishwa Umoja wa Afrika Januari 2022. Kwa mikataba ya namna hiyo, hati ambayo ingali kabatini haijaifunga nchi mbele ya wenzake, hata kama azimio limekwisha kupita.

Hatua inayosahaulika zaidi, na ambayo naiona nzito kuliko zote kwa mwananchi, ni sheria ya nchi, kwa sababu kwetu mkataba ulioridhiwa haugeuki kuwa sheria wenyewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, lakini Sheria ya Mtoto ilitungwa mwaka 2009. Kwa hiyo ukisimama kumtetea mtoto mahakamani, iwe Kondoa au Mpwapwa, tanguliza kifungu cha Sheria ya Mtoto, ndipo uutaje mkataba kuitilia nguvu hoja yako.