Ukiandikiwa Diazepamu na Kazi Yako ni Usukani

Mimi ni dereva wa lori, naishi Free Area hapa Nakuru, na njia yangu ni Mombasa hadi Malaba. Mgongo uliponikaza hata klachi ikawa haikanyagiki, daktari aliniandikia dawa ya maumivu pamoja na diazepamu ya kulegeza misuli, nimeze usiku kwa muda mfupi. Madereva wengi wamewahi kuandikiwa hiyo hiyo, wengine kwa ajili ya wasiwasi au usingizi uliowapotea baada ya ajali. Si dawa ngeni, ilianza kuuzwa mwaka wa 1963, mwaka wetu wa uhuru. Nayo inasaidia. Ila ina tabia moja ambayo mtu wa usukani lazima aielewe: usingizi huisha kabla dawa haijaisha.

Nusu ya diazepamu uliyomeza huchukua kama saa 20 hadi 50 kutoka mwilini, na ini linapoivunja linazalisha kitu kingine chenye kazi ileile kinachokaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo tembe ya leo usiku inaikuta ya jana, na ya juzi bado haijaondoka. Asubuhi unaamka, unaoga, unakunywa chai, unajiona mzima. Ni kama lori lililotolewa gia kwenye mteremko wa Sachang'wan: injini imenyamaza, lakini tani zinakwenda. Macho yako wazi, mguu ndio unaochelewa kufika kwenye breki.

Basi maandalizi yaanze kwa daktari. Mwambie waziwazi, "Naendesha lori, tena usiku." Usimwambie eti unafanya biashara. Akijua, anaweza kukubadilishia dawa au kukuandikia barua ya mapumziko umpelekee tajiri. Mwambie pia kama unakoroma mpaka mama watoto anahama chumba, maana anayekatika pumzi usingizini anaweza kuzidiwa na dawa hii. Mtajie shida ya mapafu au ya ini, na kila dawa unayotumia. Hapo usione haya. ARV zenye ritonaviri na baadhi ya dawa za kuvu, kama flukonazoli, zinaweza kufanya diazepamu irundikane mwilini. Rifampisini ya TB hufanya kinyume, inaipunguza nguvu.

Kwenye kemisti, soma kile kibahasha kabla ya kuondoka dirishani. Mara nyingi utapata tembe chache na maandishi kama 1×1 au 1×3: namba ya kwanza ni tembe, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kama daktari alisema usiku tu na kibahasha kinasema 1×3, rudi uulize. Omba waandike jina la dawa na miligramu pia. Kuna tembe za 2, za 5 na za 10, na moja ya 10 ni sawa na tano za 2. Na kemisti anayekuuzia dawa hii bila karatasi ya daktari anavunja sheria. Usimhesabu kuwa rafiki.

Tembe ya kwanza imeze nyumbani, usiku ambao kesho yake huna safari. Maliza shughuli zote kwanza: geti limefungwa, jiko la makaa limetolewa nje. Hilo la jiko ni la lazima kwa sisi wa upande huu wa baridi, kwa sababu moshi wake usioonekana huua hata asiyemeza kitu, sembuse aliyelegezwa. Simu yangu anashika mama watoto. Dawa za kundi hili zinaweza kufuta kumbukumbu ya saa zinazofuata, na mtu anaweza kuzungumza vizuri tu, akatuma M-Pesa, na asubuhi asikumbuke alimtumia nani. Ukiamka usiku, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha usimame taratibu. Choo kikiwa nje, weka ndoo chumbani na uache kiburi. Wazee ndio huanguka zaidi, kwa sababu miili yao huiondoa dawa polepole.

Ukisahau kumeza na alfajiri imekaribia, iache. Usimeze mbili usiku unaofuata.

Pombe hapana. Si chang'aa peke yake, hata bia mbili za Salgaa. Pombe na diazepamu zote hupunguza kasi ya kupumua, na zikikutana mtu anaweza kulala asiamke. Hatari hiyohiyo iko kwenye tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, na kwenye dawa ya kikohozi yenye kodini. Piriton ya mafua nayo huongeza usingizi, ingawa watu huimeza kama peremende. Kuhusu muguka, najua tunavyofikiri barabarani: nitatafuna kidogo, nitachangamka. Muguka hautoi dawa mwilini. Unakuchangamsha tu, mguu unabaki mzito vilevile.

Kuna anayejipa moyo kwamba Alcoblow haitamshika. Kweli, kile kifaa kinapima pombe kwenye pumzi, hakioni tembe. Lakini kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinataja pombe au dawa, na barua ya daktari haikupi ruhusa ya kuendesha ukiwa umelegea. Mimi siendeshi chochote kipindi chote cha kumeza, hata pikipiki ya kwenda dukani. Baada ya tembe ya mwisho muulize daktari urudi lini, na utarajie jibu la siku, si la saa. Tajiri atanung'unika. Mtafutie dereva wa kushika zamu, itamgharimu kidogo kuliko kontena lililolala mtaroni.

Ukiwa umemeza kwa wiki kadhaa mfululizo, usikate ghafla kwa sababu mgongo umepona. Mwili uliozoea hulipiza kwa kukosa usingizi, jasho, mikono kutetemeka, na wengine hupata kifafa. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua. Ukiona unatamani mbili pale moja ilipokuwa ikitosha, mwambie mapema. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nao wana laini ya msaada, 1192.

Tembe usiziache kwenye kebini. Joto la mchana huko ndani ni baya kwa dawa, na tembe za namna hii ndizo watu hutia kwenye vinywaji, yale mambo ya mchele, ya kumlevya mtu ili aibiwe. Zikae nyumbani mahali pa juu mbali na watoto, na uzihesabu.

Mwisho, yule unayelala naye nyumba moja ajue dalili za hatari: haamki hata akitikiswa, anapumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, fizi na kucha zimegeuka rangi. Amlaze ubavu, asimpe maziwa wala kumtapisha, apige 999 au 112 au atafute gari mara moja. Kibahasha na tembe zilizobaki aende nazo hospitali.