Kabla Hujapiga Windows kwenye Diski Mpya, Kusanya Draiva

Diski ikifa, watu hukimbilia duka. Nunua, ni sawa, lakini jua kwamba kubadilisha diski ndiyo kazi ndogo. Kwa laptopu nyingi ni kufungua skrubu za chini, kuchomoa hii, kuchomeka ile. Balaa huja baadaye: Windows mpya imeingia, maandishi kwenye kioo yamekuwa makubwa kama ya bango, spika kimya, Wi-Fi haionekani, na mwenye mashine anakuuliza, "Mbona jana ilikuwa inafanya yote haya?" Ilikuwa inafanya kwa sababu draiva zake, yaani programu ndogo zinazoifundisha Windows kutumia spika, Wi-Fi na vifaa vingine vya mashine, zilikaa kwenye diski iliyokufa. Hata ile sehemu iliyofichwa na kiwanda kwa ajili ya kuirudisha mashine kama ilivyotoka dukani ilikuwa humo humo. Imekwenda nayo.

Kwa hiyo usishike bisibisi kwanza. Shika kalamu.

Andika jina kamili la mashine. "HP ya kijivu" si jina. EliteBook 840 G3 na EliteBook 840 G5 zinafanana majina, ndani ni mashine mbili tofauti na draiva zake ni tofauti. Igeuze, soma kibandiko. Kwa Dell tafuta Service Tag, herufi na tarakimu saba. Kwa HP na Lenovo chukua namba ya mashine (serial number). Mitumba mingi inayotufikia kutoka Ulaya na Dubai hushuka kibandiko kikiwa kimefutika au kimebanduliwa. Hapo ingia BIOS, programu ya ndani ya mashine inayoamka kabla ya Windows: mara nyingi ni F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, ukibonyeza mara tu unapowasha. BIOS haikai kwenye diski, kwa hiyo namba utaikuta hata kama diski ni maiti. Piga picha kwa simu.

Nunua diski inayoingia kwenye mashine yako. Ya inchi 2.5 na ya M.2, ile nyembamba kama kijiti, hazibadilishani, na hata M.2 zenyewe kuna za SATA na za NVMe, njia mbili tofauti za kuzungumza na mashine. Uliza kabla ya kulipa.

Usinunue ufunguo wa Windows kwa mtu wa mtaani. Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye kwa kawaida hubeba ufunguo ndani ya BIOS, na leseni iliyokwisha kuthibitishwa hufungamana na bodi kuu ya mashine, si diski. Weka toleo lile lile ulilokuwa nalo, Home kwa Home, Pro kwa Pro, kisha iunganishe na intaneti. Wanaolia kwamba Windows yao haikubali wengi waliweka Pro kwenye mashine ya Home.

Na ukiwa hapo, amua mapema unaweka Windows ipi. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi, kwa mashine za Intel, inataka prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya mashine. Ile 840 G3 haimo.

Diski ya zamani ikiwa bado inavutavuta pumzi, faili zako kwanza. Kila unapoiwasha diski inayokufa unapunguza nafasi ya kuokoa kitu, usiitumie kufanya majaribio. Faili zikishatoka salama, ndipo uchomeke flashi, ufungue dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, na uandike dism /online /export-driver /destination:D:\draiva, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa D na folda ya draiva ukiwa umeitengeneza tayari. Amri hiyo moja inanakili draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine yako, zikiwa na sura ambayo Windows mpya itazisoma moja kwa moja. Tafuta pia ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows kwenye diski, wenye tarakimu 48. Laptopu nyingi za sasa hujifunga zenyewe bila mwenyewe kujua, na ufunguo huwa kwenye akaunti ya Microsoft. Siku utakapoichomeka diski ya zamani kwa waya wa USB ili kutoa picha za harusi, ndipo utakapoulizwa.

Diski ikiwa imekufa kabisa, tafuta kompyuta nyingine. Azima kwa jirani, nenda intaneti kafe, lakini pakua draiva kabla. Nenda kwenye ukurasa wa msaada wa kampuni iliyotengeneza laptopu, ingiza ile namba, chagua Windows utakayoweka. Ukiwa na bando dogo, chukua mbili tu: ya mtandao na ya diski. Nyingine zote utazipata mashine ikishaingia intaneti. Bila draiva ya mtandao, unahitaji intaneti ili upate draiva ya kukupa intaneti, na Windows 11 Home huwa haikusogezi hata hatua moja mbele kwenye kuiwasha mara ya kwanza bila muunganisho. Ukikwama hapo, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushirikisha intaneti kwa USB (USB tethering); mara nyingi Windows huitambua bila kudai chochote.

Hiyo ya diski ndiyo watu huipuuza. Sikiliza.

Shemeji yangu ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Laptopu yake ni ya Intel kizazi cha 11, diski yake ya NVMe ikafa katikati ya kusahihisha mitihani. Fundi wa mtaani akaagiza nyingine Kariakoo, ikaja kama kifurushi kwa basi. Akaifunga, akachomeka flashi ya Windows, ile yenye faili za kuiweka, akafika pale unapochagua pa kuiweka. Orodha tupu. Mashine inasema haioni diski yoyote.

Fundi akatoa hukumu: diski mbovu. Ikarudishwa kwa basi. Muuzaji akaichomeka kwenye mashine yake, inasoma vizuri. Akairudisha Morogoro, tena kwa maneno makali. Fundi akabadili hukumu: basi bodi imekufa. Bei ya bodi ilikaribia bei ya laptopu yenyewe, na shemeji alikwisha kuanza kuulizia mkopo wa SACCOS ndipo akanipigia simu. Nikamwuliza jambo moja tu: ukiingia BIOS, diski inaonekana? Akaenda kuangalia. Ipo, na jina lake, na ukubwa wake.

Kama BIOS inaiona, usikimbilie kuua diski wala bodi. Kuanzia kizazi cha 11, laptopu nyingi za Intel hutoka kiwandani zikiwa zimewashiwa kitu kinachoitwa VMD, ambacho kinakaa mbele ya diski na kuisimamia. Flashi ya Windows mara nyingi haina draiva ya kuzungumza na msimamizi huyo, kwa hiyo haioni kilichoko nyuma yake. Dawa ni draiva ya Intel Rapid Storage Technology. Ipakue kutoka ukurasa wa mashine yako, iweke kwenye flashi hiyo hiyo ya Windows, na ukifika kwenye orodha tupu bonyeza kitufe cha Load driver uielekeze kwenye folda. Diski itajitokeza.

Lakini hapo napo kuna mtego, na fundi wetu aliingia mzima mzima. Alinakili faili moja kama ilivyoshuka, SetupRST.exe. Orodha ikabaki tupu, akanijibu kwamba nimempotezea muda. Flashi ya Windows haisomi faili ya aina hiyo. Inatafuta faili zinazoishia na .inf. Lazima uifumue kwanza kwenye kompyuta nyingine kwa amri SetupRST.exe -extractdrivers ikifuatwa na jina la folda, kisha unakili folda iliyotoka. Kampuni nyingine hukupa faili ya zip tayari. Ifungue, usiiache imefungwa. Alipofanya hivyo, Windows iliingia jioni ile ile. Alama za kidato cha pili shemeji aliziingiza upya kutoka kwenye karatasi, usiku baada ya usiku, maana hizo hazikuwa na nakala popote.

Njia ya mkato ipo: kuzima VMD kwenye BIOS kabla ya kuweka Windows. Kwa laptopu ya diski moja inafanya kazi. Kwenye Acer nyingi swichi yake imefichwa, bonyeza Ctrl+S ukiwa ukurasa wa Main. Ila ukishaamua, kaa na uamuzi wako. Ukibadilisha swichi hiyo baada ya Windows kuingia, kwa kawaida Windows haitawaka.

Ikishaingia, acha Windows Update imalize kwanza kisha uangalie kilichobaki. Fungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya mashine. Penye alama ya mshangao ya njano pana kitu kisicho na draiva. Usikisie. Fungua sifa zake, nenda kwenye namba za utambulisho (Hardware Ids), utaona VEN_ na DEV_. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_10DE ni NVIDIA. (Hiyo 8086 ni jina la prosesa yao ya mwaka 1978, wamejipa wenyewe.) Namba hiyo nzima ndiyo ya kutafutia draiva. Anza na ya chipseti, zile chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine, kisha kioo, sauti, kibao cha kugusa, vitufe vya mwanga na sauti mwishoni. Zima na kuwasha mashine inapokuomba.

Zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja, achana nazo. Nyingi huingia na wageni wao, na kumfukuza mgeni kwenye Windows mpya kunauma kuliko kutafuta draiva mwenyewe.

Ukurasa wa msaada utakuonyesha pia toleo jipya la BIOS. Kama hakuna tatizo linalotibiwa nalo, liache. Ukilazimika, betri iwe imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo na betri imechoka, unaweza kubaki na mashine isiyowaka kabisa.

Folda ya draiva usiifute ukimaliza. Iandike jina la mashine na tarehe, uiweke kwenye flashi ambayo watoto hawaichukui kuwekea nyimbo. Diski iliyokufa usimwachie fundi akae nayo; picha na vyeti vyako vinaweza kuwa bado vimo. Na kama kuna printa nyumbani, pakua draiva yake siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi ya kuchapisha barua.