Jifunze tishu za mwili kwa mguu wa mbuzi

Kama una mtoto anayesoma biolojia na aina za tishu (makundi ya seli zinazofanya kazi pamoja) zinamchanganya, pitieni soko la nyama la Burma, Nairobi, mnunue mguu wa nyuma wa mbuzi na matumbo kidogo. Mwambie muuzaji asiukatekate. Tishu zake zimepangika karibu kama zetu.

Fungueni goti polepole kwa kisu kikali. Nyama nyekundu ni tishu ya misuli. Ule ugwe mweupe unaoishikiza kwenye mfupa ni kano. Sehemu nyeupe inayoteleza kwenye ncha ya mfupa ni gegedu. Sisi tunalo pia puani na masikioni. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likiumia hupona polepole mno. Kano, gegedu, mfupa, mafuta, hata damu yenyewe, zote ni tishu unganishi. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo msiharakishe.

Utando wa ndani wa utumbo ni epithelia, yaani tishu ya kufunika, kama tabaka la juu la ngozi, na ukutani mwake mna misuli laini inayofanya kazi bila kuamriwa. Neva itafuteni nyuma ya paja, katikati ya misuli: kamba nyeupe, nene. Kisha osheni mikono kwa sabuni, na nyama ipikwe iive vizuri.