Jinsi ya kuomba nakala ya cheti cha babu aliyezaliwa ng'ambo bila kumaliza akiba

Watu wengi wakishikwa na hamu ya kujua asili yao hukimbilia kulipia uanachama wa tovuti kubwa za nasaba, kisha mwezi unakwisha hata hawajajua vizuri wanamtafuta nani. Mimi nilianza vibaya kuliko hao. Niliagiza cheti cha kuzaliwa cha mtu mwenye jina la babu wa babu yangu, mwaka uleule, nikasubiri, na bahasha ilipofika nikakuta mtoto wa watu wengine kabisa. Jina la mama halikuhusiana na ukoo wetu hata kidogo. Tangu siku hiyo, kwangu kulipa ni hatua ya mwisho.

Anza na karatasi na kalamu. Mchague mtu mmoja tu, umwandikie kila unachokijua: majina yote, jina la ukoo na namna linavyoweza kuandikwa, mwaka wa kuzaliwa hata kwa kukisia, mji au kijiji, dini, kazi aliyoifanya. Wazee waulize, lakini usiwaulize "alizaliwa lini", maana wengi watakujibu hawajui. Uliza alikuwa mkubwa kuliko nani, alisali wapi, alikuja akiwa ameoa au hajaoa. Majibu ya namna hiyo yanapunguza miaka ya kutafuta kutoka thelathini hadi mitano. Pindua na picha za zamani. Nyuma yake mara nyingi pana jina la studio na mji.

Hatua ya pili ni kujua nchi husika ilianza lini kusajili vizazi na vifo. Uingereza na Wales zilianza tarehe 1 Julai 1837, Scotland mwaka 1855, Ireland mwaka 1864 kwa vizazi na vifo, Ufaransa tangu 1792. Ukiomba cheti cha serikali cha mtu aliyezaliwa kabla ya hapo, hakuna ofisi itakayokipata. Huyo atafutwe kwenye vitabu vya ubatizo na ndoa vya kanisa.

Kabla ya kugusa kadi ya benki, angalia pia kama nchi yenyewe haijaziweka rekodi wazi. Ireland inaonyesha bure mtandaoni picha za vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75 na vifo vilivyopita miaka 50. Sensa zake za 1901 na 1911 nazo ni bure. Mikoa ya Ufaransa (huko huitwa départements) imeweka picha za madaftari yake ya usajili kwenye tovuti zake, na Italia ina mradi wa serikali uitwao Antenati. Kwa nchi nyingine nyingi, fungua akaunti FamilySearch, tovuti ya kanisa la Wamormoni; hailipishwi, na huhitaji kuwa muumini wao. Baadhi ya picha zake hazifunguki ukiwa nyumbani, ila kwenye vituo vyao na maktaba washirika. Zipo pia maktaba za umma zinazowalipia wasomaji wake tovuti za kulipia, kwa hiyo ulizia ya karibu nawe kwanza.

Sasa tuchukue mfano wa Uingereza na Wales, kwa sababu ndiko watu wanakopoteza pesa zaidi. Vyeti hutolewa na Ofisi Kuu ya Usajili, kwa kifupi GRO. Fungua akaunti kwenye tovuti yake, ingia kwenye faharasa, yaani orodha ya majina yaliyosajiliwa, ambayo haina malipo, kisha jaza jina la ukoo, jinsia na mwaka. Ruhusu tofauti ya miaka miwili mbele na nyuma. Jibu litakupa wilaya, mwaka, robo ya mwaka, juzuu na ukurasa. Namba hizo ndizo utakazozitumia kuagiza.

Robo ya mwaka huwachanganya wengi. Ni ya tarehe ya kusajiliwa, wala si ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42 za kumsajili mtoto, kwa hiyo aliyezaliwa mwishoni mwa Novemba anaweza kuonekana robo ya Machi, yaani Januari hadi Machi, ya mwaka unaofuata. Ukimkosa, sogea robo moja mbele kabla ya kukata tamaa.

Faharasa ya GRO ina jina la mama la kabla ya kuolewa kwa vizazi tangu 1837. Faharasa za zamani, ambazo FreeBMD, tovuti ya watu wa kujitolea, imezinakili na kuziweka bure, zina jina hilo kuanzia katikati ya 1911 tu. Mimi sikulijua hilo, ndiyo maana nikaletewa mtoto wa watu. Kama unafahamu jina la ukoo la mama, linganisha kwanza. Kama hulifahamu, tafuta watoto wote wa jina hilo la ukoo katika wilaya hiyo, uone ni mama yupi mwenye mlolongo wa watoto unaofanana na majina ya babu zako wadogo. Ni kazi ya jioni mbili, lakini haigharimu senti.

Ukishamtambua, agiza kwa kubofya mahali pa kuagizia palepale kwenye jibu, namba zijijaze zenyewe. Kwa bei zilizoanza Aprili 2024, picha ya kidijitali ni paundi 3, faili la PDF paundi 8, na cheti cha karatasi paundi 12.50, angalia tena kabla ya kulipa. Picha ya paundi 3 inapatikana kwa vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita na vifo vya mwaka 1837 hadi 1887, na kwa utafiti inatosha kabisa. Cheti cha karatasi kichukue pale tu unapohitaji ushahidi wa kisheria, kama maombi ya uraia. Ndoa ni habari nyingine: haimo kwenye faharasa hiyo, itafute FreeBMD, na hutolewa kwa karatasi peke yake. Ikibidi uchague cheti kimoja cha kulipia, mimi ningechukua cha ndoa, maana kina majina ya baba wa pande zote mbili na kazi zao.

Kwa nchi zisizo na maombi ya mtandaoni, andika barua fupi kwa lugha ya huko. FamilySearch ina sampuli za kunakili. Barua moja iombe rekodi moja. Mwezi uandike kwa jina, maana 4/3 kwa Mmarekani ni Aprili na kwa Mwingereza ni Machi. Uliza gharama kwanza, usitume pesa kabla ya jibu.

Nakala ikifika, usiishie kwenye jina. Soma nani alitoa taarifa na aliishi wapi, maana anwani hiyo itakupeleka kwenye sensa. Na ukiona kwenye cheti cha Uingereza saa imeandikwa pamoja na tarehe ya kuzaliwa, mara nyingi ni mapacha. Rudi kwenye faharasa, robo ileile, ukurasa uleule au unaofuata, umtafute wa pili.