Somo: mtoto wa la kwanza hadi la tatu ajiamini na asikate tamaa

Poleni na baridi wadau. Mi nafundisha madarasa ya chini huku Mbeya, na nnachokiona kila muhula ni kwamba mtoto hajiamini kwa kumwagiwa sifa, anajiamini pale anapoona mwenyewe kwamba jana hili lilinishinda na leo nimeliweza.

Hatua ya 1: Neno kilaza lisisikike nyumbani, hata kwa utani, hata likisemwa kwa mtoto wa jirani.

Hatua ya 2: Sifia alichofanya, usisifie akili. Hapa nakaa kidogo. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walitoa utafiti wao, watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo wakafanya vizuri, wengine wakaambiwa mna akili, wengine mmejitahidi. Wakaletewa magumu wote wakachemsha, halafu wakapewa mepesi kama ya mwanzo: wa "mna akili" wakashuka, wa "mmejitahidi" wakapanda. Na inaeleweka, kama nilipata sababu nina akili basi nikikosa ndo sina tena, sasa nihangaike nini? Kwa hiyo ukifungua daftari mwambie "b na d ulikuwa unazichanganya, leo zimekaa sawa, umefanyaje?" halafu nyamaza umsikilize.

Hatua ya 3: Mpe kazi ya kweli, achambue maharage, amwagilie mchicha, ahesabu chenji ya dukani. Akikosea arudie, usimpokonye hata kama una haraka.

Hatua ya 4: Akilia kwa kushindwa usimkaripie. "Imekuuma ee?" Akitulia ndo muulize tuanzie wapi.

MASWALI

Mama wa Uyole: Shikamoo mwalimu, wangu yuko la pili kawa wa 71 kati ya 84, shule haitaki kabisa.

Jibu: Marahaba mama, pole. Kwanza kapime macho na masikio, darasa la watoto 84 asiyeona ubao ataonekana mzito bure. Halafu achana na namba ya nafasi, mlinganishe na yeye mwenyewe wa muhula uliopita. Jioni silabi chache tu, anza na anazoziweza, mpya weka moja moja.

Baba wa Mafinga: Mi niko porini kwenye mbao, mtoto analelewa na bibi yake, si ataathirika?

Jibu: Hapana kaka, ondoa hofu. Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto waliozaliwa 1955 kisiwa cha Kauai, Hawaii, na kati ya waliokulia kwenye shida nyingi kama theluthi moja walikua vizuri tu, na kilichowabeba mojawapo ni kuwa na mtu mzima mmoja wa kumtegemea, wengine ni bibi au babu. Bibi anatosha sana. We piga simu siku ile ile uliyoahidi, na usianze na "umekuwa wa ngapi", muulize wiki hii kipi kilikuwa kigumu.